Noti ya Chini Kabisa

Tangu mwezi wa kwanza, saxo ya Bénédicte, ile saksafoni ya shaba, ilikuwa imepoteza noti zake za chini. Za juu zilitoka, tena zilitoka kali kuliko zamani, kama sauti ya mtu anayesema huku ameshikwa koo. Lakini kila aliposhuka kuzitafuta zile nene, zile ambazo marehemu baba yake alizipenda, chombo kilikohoa, kikalia kama kuku, kisha kikanyamaza.

Alidhani saxo imeharibika. Alibadilisha anche, kile kipande chembamba cha tete kinachotetemeka mdomoni mwa mpigaji. Alikaza skrubu, akafuta vifuniko vya matundu kimoja kimoja kwa kitambaa. Haikusaidia. Mwishoni aliifunga ndani ya kitenge, akaiweka juu ya kabati, akajiambia kwamba mwaka huo haukuwa mwaka wa muziki.

Kisha mdogo wake Deborah akapiga simu kutoka Rutshuru. Tarehe ya ndoa ilikuwa imepangwa.

"Yaya, dada yangu, utanipigia wimbo ya kuingia kanisani, sivyo? Papa alipigia dada zetu wote. Mimi njo nitaingia kimya?"

Bénédicte alisema ndiyo. Hakujua angefanyaje. Zilikuwa zimebaki wiki nne.

Bénédicte aliuza dawa katika farmasia ndogo ya Himbi, mtaa wa Goma ulio upande wa ziwa, na ndipo alipokutana na Papa Cikuru. Alikuwa mzee mwenye asili ya Bukavu, mlinzi wa nyumba kubwa ya shirika moja ambalo wafanyakazi wake walikuwa wameondoka. Siku hiyo aliulizia ile pâte ya kubandika meno ya bandia. Haikuwepo. Tangu mji utekwe mwezi wa kwanza na ndege ziache kutua Goma, vitu vidogo kama hivyo vilichelewa kuliko vikubwa.

"Basi sipigi tena," mzee alinung'unika.

"Utampiga nani, papa?"

"Saxo, mutoto yangu. Si mutu. Meno ya juu yakicheza, siwezi."

Bénédicte aliacha kuandika katika daftari lake. Alimweleza habari yake yote akiwa bado amesimama nyuma ya meza ya dawa, na wateja wawili wakisubiri. Mzee alimsikiliza bila kumtazama usoni. Alikuwa anatazama taya lake.

"Kesho ukifunga kazi, kuja pale nalinda, kwenye portail ya bluu," alisema. "Leta bec peke yake. Mwili wa saxo uache nyumbani. Na usiseme na mutu."

Bec ni kile kipande cheusi cha kupulizia, kinachochomekwa kwenye shingo ya saxo. Kesho yake Bénédicte alifika nacho ndani ya soksi. Papa Cikuru alimpitisha haraka kwenye geti lile la bluu, akafunga komeo, akampeleka kwenye gereji isiyo na gari. Ukutani alikuwa ameegemeza magodoro matano yaliyoachwa na wazungu wa shirika, na mengine mawili alikuwa ameyasimamisha mlangoni.

"Nyumba ya jirani," alisema kwa sauti ndogo, "sasa inakaa batu wenye bunduki. Hawapendi kusikia kitu wasichokijua. Piga. Pole pole."

Bénédicte alipuliza bec. Ilitoka sauti nyembamba, ya juu sana.

"Hapo. Unauma."

"Siumi, papa."

"Fungula kinywa. Geuza mudomo wa chini."

Alimpa simu yake, kamera ikiwa imewashwa upande wa uso. Bénédicte aliugeuza mdomo wa chini nje akatazama. Kwa ndani, kwenye nyama laini, kulikuwa na mstari wa alama nyekundu, jino kwa jino, kama mshono wa cherehani. Alikuwa ameishi na kidonda hicho kwa miezi bila kujua.

"Nani alikutisha hivi?" mzee aliuliza.

Bénédicte aliurudisha mdomo mahali pake, akamrudishia simu. Yeye na mama yake, Mama Donatille, walikuwa wamelala sakafuni siku tatu, mwezi ule wa kwanza, wakati risasi zikipita juu ya mabati ya mtaa wao, na muda wote huo alikuwa ameuma pindo la kitenge ili asipige kelele, kwa sababu mama alikuwa na moyo mdhaifu. Walipoinuka, mama alikuwa mzima. Bénédicte ndiye aliyeshindwa kufungua kinywa vizuri kwa siku kadhaa. Tangu wakati ule aliamka kila asubuhi taya likimuuma, meno yamekutana, kama mtu aliyefanya kazi nzito usingizini.

Papa Cikuru hakusisitiza. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Alivuta kiti akakaa mbele yake.

"Sikia. Mudomo wako wa chini ni godoro. Meno ya chini ni kitanda, yako chini ya godoro, basi. Anche ni mugonjwa, inalala juu. Wewe umefanya nini? Umechukua kitanda ukamupigia mugonjwa nacho. Atasema nini? Atalia tu."

Bénédicte alicheka, mara ya kwanza tangu aingie pale.

"Usicheke, kinywa kinajikunja. Kona za midomo zilete ndani, kama unavuta kamba ya mufuko. Kidevu kishuke. Taya, achana nalo. Sauti inatoka kwa pumuzi, hapa, kwenye tumbo. Haitoki kwa meno."

Alijaribu. Sauti ilikuwa ile ile. Alijaribu tena, na tena, na kila mara meno yalipanda yenyewe, kama mlango wenye springi. Mwishoni mzee alipoteza subira.

"Fanya hivi. Kunja na mudomo wa juu. Funika meno yote, ya juu na ya chini, kama bibi asiye na meno. Weka bec katikati. Sasa uma!"

Bénédicte aliuma, akaruka. Meno ya juu yalikuwa yamemchoma ndani ya mdomo wake mwenyewe.

"Vizuri," Papa Cikuru alisema. "Sasa kinywa chako kina polisi."

Walifanya hivyo wiki mbili, kila jioni kabla giza halijaingia, dakika ishirini tu. Midomo miwili imekunjwa, bec peke yake, sauti moja ndefu. Mzee aliweka simu juu ya gurudumu kuukuu, yenye programu ya kupima noti, na sindano yake ndogo ilipaswa kusimama kwenye noti iitwayo "la". Sindano ya Bénédicte ilikaa kulia kabisa, juu mno. "Shuka," mzee alisema. "Bado. Piga mwayo ndani ya kinywa. Shuka." Siku ya sita sindano iligusa mahali pake, ikatetemeka, ikakimbia. Siku ya tisa ilikaa muda wa pumzi nzima.

Siku ya kumi mtu aligonga portail kwa kitu cha chuma.

Papa Cikuru alimwashiria asisogee, akatoka. Bénédicte alibaki nyuma ya magodoro, bec mkononi. Alisikia sauti ya mwanaume ikiuliza ni nini kinalia humo ndani kila jioni. Alisikia mzee akisema, bila haraka, kwamba ni pompe ya maji, imezeeka, inavuta hewa, na patron hajatuma pesa ya kuitengeneza. Kisha hatua zikaondoka.

Aliporudi, mzee alikuwa na jasho juu ya mdomo. Alimtazama Bénédicte, akakunja uso.

"Taya," alisema.

Bénédicte aligundua kwamba meno yake yalikuwa yamebanana mpaka masikio yanamlia. Aliyaachanisha. Ilimgharimu, kana kwamba anafungua ngumi ya mtu mwingine.

Wiki ya tatu mzee alimruhusu kuleta saxo nzima. Alhamisi, siku mbili kabla ya ndoa, Bénédicte alishuka ngazi ya noti moja moja, mpaka ile ya mwisho, si-bémol ya chini kabisa, inayohitaji matundu yote yafungwe na kinywa kiwe kimelegea kama cha mtoto aliyelala. Ilitoka. Nene, pana, ikajaza gereji. Ijumaa alijaribu tena, haikutoka. Papa Cikuru aliinua mabega.

"Iko ndani," alisema. "Lakini haijakuamini bado."

*

Mama Donatille alikuwa ametangulia Rutshuru tangu Jumatano. Bénédicte alizuiwa na kazi, na Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi alipanda pikipiki ya Havugimana, jirani yao, mwanaume mpole wa miaka arobaini ambaye alimbeba kwenda kazini mara nyingi. Misa ilikuwa saa nne. Sanduku la saxo lilikuwa limeibwa mwezi wa kwanza, kwa hiyo aliifunga kwenye vitenge viwili, akaitia ndani ya mfuko wa mchele, akaupakata. Bec na anche alivitia ndani ya soksi, soksi ndani ya mfuko wa koti.

Walipita Kibumba katika ukungu, wakapita Rugari. Kabla ya kufika Rumangabo kulikuwa na kamba iliyovukishwa barabara, imefungwa mifuko ya plastiki ili ionekane. Barrière, kizuizi cha askari. Havugimana alizima pikipiki, akavua kofia, akasalimia. Kwa kawaida waliangalia carte ya kitambulisho, wakauliza maswali mawili, kamba ikashuka.

Askari mmoja aliugusa ule mfuko kwa mtutu wa bunduki. Chuma kikalia.

"Fungula."

Bénédicte aliufungua. Shaba ikametameta. Askari akarudi hatua moja, akaita. Kutoka kwenye kibanda cha turubai alitoka mtu mrefu, asiye na cheo begani, lakini wengine walisimama vizuri alipokaribia.

"Nini hii?"

"Ni saxo, afande. Ya muziki. Naenda ndoa ya mudogo wangu, Rutshuru."

"Uko na facture, risiti ya kununua?"

"Ni ya baba yangu, afande. Padri alimupa mbele mimi nizaliwe. Facture haiko."

Mtu yule alitabasamu, lakini macho hayakutabasamu.

"Kila mutu hapa, ni ya baba yake. Frigo, ya baba yake. Televizyo, ya baba yake. Batu waliingia makanisa, waliingia hôpitaux, wakabeba. Sasa bote baba zao walikuwa matajiri." Alimgeukia Havugimana. "Na wewe njo unabeba vitu vya kuiba?"

"Hapana, afande. Mimi ni mutu wa moto tu, wa pikipiki."

"Kaa chini."

Havugimana alikaa chini, kando ya barabara, kwenye mawe meusi. Askari alichomoa ufunguo wa pikipiki akautia mfukoni. Bénédicte alimtazama. Alikuwa na mke na watoto wanne, na alikuwa amekubali safari hiyo kwa sababu yeye Bénédicte alimwomba. Sasa alikuwa ameinamisha kichwa, viganja vimefungana juu ya magoti.

"Kama ni yako," yule afande alisema, "piga."

Alianza kuunganisha saxo. Shingo iliingia vibaya, akaitoa, akaiingiza tena. Aliitia anche kinywani ailoweshe, kwani anche kavu hailii, na ulimi wake ulikuwa mkavu kama karatasi.

"Afande, naomba maji kidogo."

"Mate yako yameenda wapi?"

Askari wakacheka. Bénédicte aliinyonya ile anche, akasubiri. Mate hayakuja. Akaifunga hivyo hivyo kwenye bec, akavuta pumzi, akapuliza.

Ilitoka ile sauti ya kuku. Fupi, kali, ikakatika.

Hakuna aliyecheka safari hii. Afande alitikisa kichwa, kama mtu aliyethibitisha jambo alilolijua.

"Beba hiyo," alimwambia askari wake. "Na huyu wa moto, mupeleke kule nyuma."

Havugimana aliinua uso. Midomo yake ilikuwa imekuwa ya majivu.

"Afande!" Bénédicte alisikia sauti yake mwenyewe, kubwa kuliko alivyokusudia. "Anche imekauka. Nipe dakika moja. Moja tu."

Mtu yule aliangalia saa yake, kwa makusudi, kama mwalimu wa shule. "Une minute."

Bénédicte aliwapa mgongo. Taya lilikuwa limefungwa, meno juu ya meno, na lilikuwa linatetemeka. Aliliamuru lilegee, halikusikia. Basi hakuliamuru tena. Aliikunja midomo yote miwili juu ya meno, kama bibi, akaiweka bec katikati, na taya lilipopanda kuuma, lilimuuma yeye. Maumivu yalikuwa makali, ya karibu, na kwa namna fulani yalimsaidia: kwa mara ya kwanza tangu wasimame pale, kulikuwa na kitu kimoja cha kushughulikia badala ya vyote. Alishusha kidevu. Maumivu yakapungua. Akakishusha zaidi. Mate yakaja, yana ladha ya damu, lakini ni mate. Anche ikalowa.

Akageuka. Hakuanza juu. Alianza na sol ya katikati, laini, akaishika mpaka ikaacha kutetemeka. Fa. Mi. Re. Do. Vidole vilifunga matundu moja baada ya jingine, mpaka kidole kidogo cha kushoto kikanyooka kufikia kile kifuniko cha mwisho. Hakusukuma. Aliacha hewa ipite tu, kutoka tumboni, ya moto na ya polepole.

Si-bémol ya chini ikatoka.

Ilitoka nene, ikapita juu ya kamba na mifuko yake ya plastiki, ikaingia kwenye migomba ng'ambo ya barabara. Wanawake wawili waliokuwa wakisubiri na vikapu vya viazi waliacha kuongea. Bénédicte aliishika mpaka pumzi ikaisha.

"Hiyo si wimbo," afande alisema. "Hata kamyo inafanya hivyo. Piga wimbo."

Alipiga ule wa kuingilia bibi harusi, ambao baba yake, Papa Modeste, aliutunga mwenyewe huko kwao Masisi kwa ajili ya binti yake wa kwanza. Aliupiga wote, beti tatu. Alipomaliza, alishusha chombo akasubiri.

"Endelea."

Akaurudia. Afande alikuwa ameletewa kiti cha plastiki, kisha sahani ya maharagwe na viazi. Alikula polepole. Kila Bénédicte alipokoma, afande aliinua uma bila kumtazama, na Bénédicte akaanza tena. Nyimbo za kanisa, nyimbo za fanfare ya matarumbeta, nyimbo ambazo hakujua kama anazikumbuka. Nyuma ya pikipiki yao foleni ilikuwa imekua: pikipiki nyingine, kamyo ya makaa, watu wa miguu. Hakuna aliyepiga honi.

Hofu ya kwanza ilikuwa imepita, na nyingine ilikuja mahali pake. Mdomo ulikuwa unachoka. Alijua kinachotokea mdomo ukichoka: meno yanapanda kuusaidia. Akiuma, sauti itabanwa. Sauti ikibanwa, itakatika. Na ikikatika, mtu yule atakumbuka kwamba hajaamua. Kwa hiyo alifanya kinyume cha kila kitu ambacho mwili wake ulitaka. Alipiga kwa sauti ndogo zaidi. Alizivuta kona za midomo ndani na akaliacha taya lining'inie. Kila mwisho wa mstari alipumua mpaka tumboni, hata kama wimbo ulimtaka aendelee. Damu ilishuka kidogo kwenye kidevu, akaiacha. Alimtazama Havugimana tu, na Havugimana alimtazama yeye, na hakuna kati yao aliyeondoa macho.

Redio ya mkononi ikakoroma ndani ya kibanda. Mtu aliita. Afande alisimama, akafuta vidole kwenye suruali, akaelekea kibandani.

"Baachilie," alisema akiwa amewapa mgongo. Kisha akasimama kidogo. "Mukirudi, mutapita hapa. Nitataka kusikia tena."

Askari akamrudishia Havugimana ufunguo. Ilikuwa saa tatu na robo.

*

Havugimana aliendesha mpaka walipoipita Rumangabo na kuteremka mteremko mzima. Kisha alisimamisha pikipiki kando, akashuka, akatembea hatua chache kwenye majani, akatapika. Aliporudi alifuta mdomo kwa mkono.

"Nisamehe," Bénédicte alimwambia.

"Nikusamehe nini? Tupande. Mudogo wako anangoja."

Kanisani Rutshuru, misa ilikuwa imechelewa nusu saa na padri alikuwa amekasirika. Deborah alikuwa amesimama nje, juani, ameshikwa mkono na baba mdogo wao Bashige, na alikuwa amekataa kuingia. Bwana harusi, Ruffin, mwalimu wa sekondari, alikuwa ametoka mara mbili kumsihi. Alipoona pikipiki, Deborah alianza kulia kwa hasira.

"Yaya, ulisema saa tatu! Uko na nini kwenye mudomo?"

"Nilianguka kidogo. Futa machozi. Ingia."

Akapiga. Si vizuri kama barabarani, ukweli ni huo. Mdomo ulikuwa umevimba, na katika ubeti wa pili noti mbili ziliponyoka. Lakini Deborah alitembea kwa hatua za wimbo, mrefu, amenyoosha shingo, na kina mama wa Masisi waliokuwa wamejaa upande wa kushoto walipiga vigelegele walipoutambua. Wakati wa sadaka Bénédicte aliweka bec kinywani, akapuliza, na hakuna kilichotoka ila hewa. Mdomo ulikuwa umekwisha kabisa. Alikaa chini. Kwaya ikaendelea na ngoma.

Jioni, Mama Donatille alimkuta uani akisuuza anche. Alimgeuza uso kwenye mwanga, akaugeuza mdomo wake wa chini kama yeye mwenyewe alivyougeuza kwa Papa Cikuru, akatazama. Hakuuliza kuhusu kuanguka.

"Havugimana ameniambia," alisema. "Iache hapa, hiyo saxo."

"Mama, ni ya papa."

"Papa amekufa, na wewe uko mbele yangu. Iache kwa mudogo wako. Nitakupigia magoti kama unataka."

Bénédicte alimwona mama yake akianza kweli kushuka, mkono mmoja juu ya ukuta, na akamshika. Alisema sawa. Usiku huo huo aliisafisha, akaifunga, akampa Deborah, akamwonyesha namna ya kuilaza ili vifuniko visipinde. Alilia kidogo alipofunga mlango wa kabati. Alishangaa kwamba hakuwa amelia barabarani.

Jumatatu walirudi, yeye na Havugimana. Mama alibaki Rutshuru kwa wiki moja. Kamba ilikuwa mahali pake, na mtu mrefu alikuwa amekaa kwenye kiti kile cha plastiki. Alisimama alipowaona. Alitazama mikono ya Bénédicte, kisha mgongo wake, kisha pikipiki.

"Iko wapi?"

"Nimeiacha kwa mudogo wangu, afande. Ni zawadi ya ndoa."

Mtu yule alimkaribia mpaka Bénédicte akasikia harufu ya sabuni kwenye shati lake. Taya lilipanda. Bénédicte alilihisi likipanda, akaliacha lirudi chini, akapumua.

"Uliogopa nitaichukua," afande alisema.

Havugimana alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Upande wa pili wa kamba kamyo ilizima injini.

"Ningeichukua," afande alisema hatimaye. Aligeuka, akarudi kwenye kiti chake, akaashiria kwa kidole kamba ishuke.

Papa Cikuru alipopata habari hizo, jioni ile ile, penye portail ya bluu, alimwambia ageuze mdomo, akaukagua. Kisha alikasirika, si kwa afande, bali kwa Bénédicte, kwamba alipiga karibu saa nzima bila kupumzisha mdomo, na kwamba kidonda kama hicho kingeweza kumharibia kwa mwaka mzima. Alimkataza kupuliza kitu chochote kwa siku kumi na tano. Alimwambia aoshe kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni. Alipomaliza kugomba, aligeuka upande, na Bénédicte akaona kwamba mzee alikuwa anatafuta leso.

Saxo bado iko Rutshuru. Barabara ikiwa na amani, Jumamosi ya mwisho ya mwezi Bénédicte huenda na Havugimana, mikono mitupu, na Jumapili hupiga katika kanisa lile, kando ya kwaya, kisha hurudi. Ruffin ameitengenezea sanduku la mbao. Yule mtu mrefu alihamishwa, hakuna ajuaye wapi. Kwenye kamba wako wengine, na wao huuliza carte tu.

Mwezi uliopita alipiga misa nzima, kuanzia kuingia mpaka baraka. Alipotoka, Deborah, ambaye sasa ana mimba ya miezi mitano, alimshika kidevu palepale mlangoni mbele ya watu, akaugeuza mdomo wake auangalie.

"Acha, bwana," Bénédicte alisema, akicheka. "Padri anatuona."

Mdomo ulikuwa mzima.